Kupamba Bafu Dogo kwa Fedha Haba



Leo nimekuja kuzungumza nanyi juu ya chumba ambacho katika nyumba zetu nyingi husahauliwa. Mtu akijenga, hufikiri kwanza ukumbi wa wageni, kisha vyumba vya kulala, kisha jiko. Na fedha ikimwishia, hapo ndipo akumbukapo kwamba watu wake sharti waoge. Basi huko nyuma uani huziba pembe moja kwa makuti au kwa mabati makuukuu, akaweka jiwe la kukanyagia na mtungi wa maji, na shughuli imekwisha. Walakini hakuna mtu nyumbani asiyeingia mahali hapo kila siku. Mgeni huenda asikione chumba chako cha kulala maisha yake yote. Lakini akilala kwako usiku mmoja tu, bafuni ataingia, na huko ndiko atakakoijua nyumba yako.

Nasema juu ya bafu dogo, la futi 6 kwa futi 4, la mtu ambaye mshahara wake au mavuno yake yana kazi nyingi za kufanya. Mwenye fedha tele hana haja ya maneno yangu. Ataita fundi wa vigae, naye atamfanyia apendavyo.

Wazee wetu wana methali isemayo, "Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi." Husemwa juu ya kitu ambacho uzuri wake ni wa juujuu tu, kikijaribiwa kidogo kimekwisha. Nami nimeichagua methali hii kwa kuwa bafu ni mahali ambapo kila pambo lazima lipate maji. Najua maana yake vema, maana mimi mwenyewe nilitengeneza bafu la mkakasi, na aliyelipa gharama yake si mimi. Nitawasimulieni habari hiyo, ijapokuwa hainipi sifa.

Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na harusi nyumbani kwetu Tanga. Binti ya ndugu yangu alikuwa akiolewa, na wageni walikuwa waje kutoka Pemba na Mombasa, wengine wakae kwangu siku saba. Nilikuwa na akiba kidogo niliyoiweka kwa kununua baiskeli. Nikalitazama bafu letu: kuta za udongo na fito zilizopigwa chokaa zamani, sakafu yenye mashimo, na kona nyeusi kwa kuvu. Nikaona haya. Nikaichukua akiba yote nikanunua rangi ya mafuta, rangi ya kijani ya kung'aa, na mfuko wa saruji. Kuta nikazipaka rangi hiyo toka juu hata chini kwa siku moja. Sakafu nikaifunika kwa saruji tupu, nikaisugua kwa mwiko hata ikawa laini, ikang'aa kama kioo. Wageni walipokuja walisifu sana. Nami nilitembea kifua mbele.

Harusi ikapita, masika yakaja. Hazikwisha wiki sita, rangi ile ikaanza kuvimba ukutani kama malengelenge ya mtu aliyeungua. Watoto wakayatoboa kwa vidole, na nyuma yake yakatoka maji. Kisha ikababuka vipande vipande, ikaanguka, na udongo ukaanguka pamoja nayo. Hilo lilikuwa hasara ya fedha, nami ningalivumilia.

Lakini mkwe wangu, mama yake mke wangu, alikuwa amebaki kwetu baada ya harusi. Ijumaa moja asubuhi aliingia kuoga. Sakafu ilikuwa na maji na povu la sabuni, wala haikuwa na mteremko wa kuyapeleka popote. Tulisikia kishindo, kisha tukasikia kata ikibingirika. Wanawake wakakimbilia ndani. Alikuwa ameanguka juu ya mkono wake wa kulia, na kifundo cha mkono kimevunjika. Alipotoka hospitali, mkono umefungwa, mimi sikuweza kumtazama usoni. Yeye akanionea huruma, akasema, "Sakafu yako nzuri, baba, inang'aa kama sahani. Lakini mimi si ubwabwa." Watu wote wakacheka, nami nikacheka kwa aibu. Mkono ule ulipona, lakini haukunyooka sawasawa tena. Tangu siku hiyo hakuweza kuinua kata iliyojaa maji kwa mkono wa kulia.

Nikaenda kumwita mwashi mmoja mzee, mtu aliyejenga kwa mawe na chokaa tangu ujana wake. Akaingia, akatazama, akakwaruza ukuta kwa ncha ya mwiko. Akamwaga maji ya kata moja sakafuni, akasimama akiyatazama. Yale maji yakatanda, yakasimama palepale. Ndipo akaniambia, "Mwanangu, wewe umeyapamba maji, hukuyatoa."

Maneno hayo ndiyo niliyotaka kuwaletea leo. Mengine yote nitakayosema ni maelezo yake. Katika bafu, pambo la kwanza ni ukavu. Chumba kikiweza kukauka baada ya kila mtu kuoga, kitu chochote utakachokitia ndani kitadumu na kitapendeza. Kisipoweza kukauka, hata ukikipamba kwa dhahabu kitanuka. Kwa hiyo kazi ina taratibu yake: kwanza maji, pili miguu, tatu nuru, nne chokaa, na mwisho kabisa pambo. Watu wengi huanza na la mwisho, kama nilivyoanza mimi.

Tuanze na maji. Sakafu ya bafu sharti iwe na mteremko kuelekea upande mmoja. Kipimo chake ni robo inchi kwa kila futi moja. Basi katika bafu la futi 6, upande wa juu utapita upande wa chini kwa inchi moja na nusu. Huo si mteremko wa kumchosha mtu kusimama, lakini maji huujua. Enyi vijana wa shule, kazi hii ni yenu: chukueni uzi na pimamaji, au kama hakuna pimamaji, chukueni chupa iliyojaa maji yakabaki kidogo tu, mkailaze juu ya ubao ulionyoka, pale kipovu cha hewa kitakapotulia katikati, ubao umelala sawa. Kutoka hapo pimeni kushuka.

Upande wa chini, toboa ukuta kwa bomba au kigae, na nje chimba mfereji uchukue maji mbali na msingi. Nyumba nyingi za udongo zimekufa kwa maji ya kuogea yaliyozama chini ya kiambaza mwaka baada ya mwaka. Mwisho wa mfereji, chimba shimo ulijaze mawe na vipande vya matofali, makubwa chini na madogo juu, ulifunike. Shimo hilo liwe mbali na kisima, si pungufu ya futi 100, wala lisiwe upande wa juu wa kisima. Kama ardhi yako ni ya mchanga unaonywa vizuri, unaweza kuyapeleka maji kwenye shina la mgomba, nao utakushukuru kwa ndizi. Lakini yasisimame. Maji yakisimama, mwenye nyumba ni mbu.

Juu ya mbu niseme kidogo, maana haifai kupamba bafu halafu uwafugie watoto maradhi. Mbu huhitaji kama wiki moja au zaidi kidogo tangu yai hata kuruka. Basi hodhi, pipa au mtungi ukimwagwa, ukasuguliwa na kufunikwa kila wiki, watoto wao hawapati nafasi ya kukua. Mbu anayeleta homa ya dengi, iliyosumbua watu wengi Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019, hupenda maji safi yaliyowekwa nyumbani. Na mbu wa usiku anayeeneza matende katika pwani yetu hupenda maji machafu ya mashimo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, kusini ya Unguja, mashimo ya vyoo yenye maji yalimwagiwa chembe nyepesi za plastiki zinazoelea, zikaufunika uso wa maji, na mbu wakashindwa kuzaana humo. Pamoja na dawa waliyopewa watu, maradhi ya matende yalipungua sana. Na katika nyumba za mawe za kale huko Lamu, watu walitia samaki wadogo ndani ya birika la kuogea ili wale viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakajengea bakuli la kaure ili samaki wasikose maji wakati birika linapopungua. Tazameni jinsi wazee wale walivyofanya jambo la afya likawa pambo.

Jambo la pili ni miguu. Sakafu ya bafu isiwe laini. Mwashi wangu aliivunja ile sahani yangu yote. Akashindilia kokoto, akamwaga zege la inchi 3: kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto. Juu yake akatandaza saruji na mchanga, kimoja kwa vitatu. Kabla haijakauka, akachukua fagio la chelewa akaipitisha taratibu kutoka upande wa juu kwenda upande wa chini, ikabaki na mistari myembamba. Mistari hiyo huushika unyayo, tena huonyesha maji njia. Haikuongeza gharama hata senti moja. Kisha akafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, akaniamuru niyamwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Saruji inayokaushwa upesi na jua huwa dhaifu na hupasuka. Inayonyweshwa maji huwa jiwe.

Kama huna uwezo wa saruji, usikate tamaa. Tafuta mawe bapa, uyalaze kwa mteremko uleule, na nafasi zilizo katikati uzijaze kokoto na chokaa. Au tengeneza ubao wa kukanyagia, wa fito za mkoko zilizopigiliwa kwa kuachana upana wa kidole, maji yapite chini. Ubao huo uinuliwe kila siku uegemezwe juani, usije ukaota utelezi. Na ukiwa na mzee au mgonjwa nyumbani, ongeza kitu kimoja: mti mmoja imara uliofungwa ukutani kwa kimo cha kiuno, apate pa kushika. Mti huo ndio pambo ambalo ningalipenda kuwa nalo Ijumaa ile.

Jambo la tatu ni nuru na hewa. Bafu dogo likiwa giza huonekana dogo zaidi, nalo likikosa hewa haliwezi kukauka. Lakini mtu anayeoga hataki kuonekana. Dawa yake ni kufungua juu. Acha nafasi ya inchi 9 chini ya paa kuuzunguka ukuta, au toboa matundu ya mpango juu ya kimo cha mtu, upande upepo utokako na upande uendako. Mnaokwenda Unguja, fikeni Kidichi mkalitazame hamamu ambalo Sayyid Said bin Sultan alimjengea mkewe Shehrzad, mwanamke wa ukoo wa Shah wa Ajemi, mwaka 1850. Ndani kuna makuba, na nuru hushuka kutoka juu kwa matundu yaliyo katika kuba. Aogaye haonekani na mtu, naye ameoga katika mwanga. Mfalme alitumia mali nyingi. Lakini wazo la kuleta nuru kutoka juu halina bei, hata mwenye nyumba ya makuti anaweza kulichukua.

Kwangu mimi, mwashi alijengea safu moja ya chupa tupu chini ya paa, upande wa mashariki. Chupa kumi na mbili, za kijani, za kahawia na nyeupe, zimelazwa katika chokaa, vitako vyake nje. Watoto waliziokota bure. Jua likitoka asubuhi, ukuta wa pili hupata madoa ya rangi, na mtoto wangu mdogo, ambaye zamani ilikuwa vita kumwogesha, akawa anataka kwenda kuoga ili apate kuyashika madoa hayo mwilini.

Sasa tufike kwenye chokaa, maana hiyo ndiyo rangi ya mtu mwenye akili na fedha haba. Ukuta wa udongo, na hata wa mawe, hunywa maji na kuyatoa. Rangi ya mafuta huuziba kinywa; maji yaliyo ndani yakitafuta njia ya kutoka, huisukuma rangi nayo ikavimba. Chokaa haizibi. Huuacha ukuta upumue, tena kwa kuwa ni kali, kuvu haioti upesi juu yake. Na kila siku inayopita, chokaa huvuta hewa na kurudi kuwa jiwe, kama lilivyokuwa kabla ya kuchomwa tanuuni. Ndiyo maana katika magofu ya Husuni Kubwa huko Kilwa, yaliyojengwa karne ya 14, mpaka leo waweza kuliona birika la kuogea la pembe nane. Watu wale walijenga kwa mawe ya pwani na chokaa iliyochomwa kwa mawe yaleyale.

Taratibu ya kupaka ni hii. Kwangua kwanza kila kitu kinachobabuka, usugue kuvu kwa fagio gumu, uzibe nyufa, na uache ukuta ukauke. Chukua chokaa iliyokwisha tiwa maji na kuvunjika, uichunge, uiloweke usiku kucha. Asubuhi ikoroge kwa maji hata iwe nyepesi kama maziwa, uichuje kwa kitambaa. Kwa debe moja tia konzi mbili za chumvi iliyoyeyushwa katika maji ya moto. Chumvi huisaidia chokaa isikauke kwa haraka na isitoke kwa kuguswa. Loweshea ukuta maji kidogo, kisha paka kwa brashi ya mkonge. Paka nyembamba. Utakapopaka mara ya kwanza utafikiri hukufanya kitu, maana ukuta utaonekana kama ulionawa tu. Lakini subiri, kesho utakuwa mweupe. Paka mara tatu, kila mara ukingoja ya kwanza ikauke. Apakaye nene ili amalize upesi, chokaa yake hupasuka na kudondoka. Debe moja lilitosha bafu langu mara tatu, likabaki la kupaka jiko.

Nawaonya jambo moja. Chokaa ni kali kwa macho. Vaeni kitu cha kukinga macho, watoto wasiichezee, na ikimrukia mtu jichoni, aoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali. Na ile itokayo tanuuni ambayo haijatiwa maji huchemka ikiguswa na maji, waachieni mafundi.

Ukitaka rangi, zipo za bei ndogo zisizogombana na chokaa. Buluu ya kufulia nguo, ikitiwa kidogo, huufanya weupe ung'ae zaidi. Ikizidishwa, hutoa rangi ya mbingu. Ngeu ya mafundi seremala na udongo mwekundu uliochungwa hutoa rangi ya waridi au ya matofali. Jaribu kwanza juu ya kipande cha kigae ukiache kikauke, kwa kuwa rangi ya chokaa ikiwa mbichi huonekana kolevu, ikikauka hufifia. Shauri langu ni hili: katika bafu dogo, paka weupe juu, na chini, kwa kimo cha futi 3, paka rangi moja ya kukolea kidogo. Hapo ndipo maji yanaporuka na ndipo uchafu unapoonekana mapema. Kila mwaka baada ya masika, rudia mara moja. Ni kazi ya asubuhi moja.

Sasa tumefika kwenye pambo lenyewe, nalo, kama mlivyosikia, tumelitanguliza maji, miguu, nuru na chokaa. Pambo la bafu liwe kitu ambacho hakiogopi maji. Picha za karatasi hazifai. Misumari ya chuma huota kutu na kuacha machozi mekundu ukutani. Tumia vigingi vya mti mgumu vya kutundikia nguo na taulo. Jenga kidaka kidogo ukutani cha kuwekea sabuni na mswaki, kama vidaka vya nyumba za zamani. Ni pambo, tena humwepusha mtu kuinama. Kipande cha kioo, hata kidogo, kikiwekwa mbele ya tundu la nuru, hukipanua chumba. Na mlangoni panda mrehani au mchaichai, hupenda unyevu, na harufu yake huingia ndani.

Kisha kuna vyombo vilivyovunjika. Watu wa pwani tangu zamani walijengea sahani na mabakuli ya kaure katika nguzo za makaburi na katika kuta za misikiti. Sisi tunavitupa jaani vipande vya sahani, kumbe ni vigae tulivyokwisha vilipia. Vikusanye, uvivunje kwa kitambaa juu yake visiruke, viwe vya ukubwa wa sarafu mbili tatu. Lainisha makali kwa jiwe. Piga ukanda wa lipu upana wa kiganja kuuzunguka ukuta, juu ya ile rangi ya chini, na ungali mbichi, uvibonyeze vipande humo, uso mzuri nje, visitokeze ncha ya kumkwaruza mtu. Usiviweke sakafuni wala mahali mkono unapoegemea.

Huenda mtu akauliza, fedha niigawe vipi? Mimi ningaligawa hivi. Kama unayo mafungu 10, tia 5 katika sakafu na mteremko wake, 2 katika mfereji na shimo, 1 katika matundu ya nuru na paa, 1 katika chokaa, na 1 katika pambo. Na kama fedha haitoshi yote mwaka huu, fanya kwa taratibu hiyohiyo, ukome pale itakapokwisha. Bafu lenye sakafu nzuri na kuta zisizopakwa bado linatumika. Bafu lililopakwa lenye sakafu mbaya ni mtego.

Namaliza kwa kuwarudisha kwetu. Kazi ilipokwisha, nilipeleka salamu kwa mkwe wangu aje alitazame. Hakutaka kuingia peke yake. Binti yake alimshika. Nami nilingoja uani. Nikasikia maji yakimwagwa, kisha kimya, kisha sauti yake ikihesabu taratibu: moja, mbili, tatu. Alikuwa akiyahesabia maji mpaka yatoke. Alipofika kumi na tano, akanyamaza. Akatoka nje, akaenda kwenye mzigo wake, akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na vipande vitatu vya sahani yenye maua ya buluu. Ilikuwa mojawapo ya sahani alizopewa siku ya harusi yake mwenyewe, naye alikuwa amevihifadhi vipande hivyo miaka yote bila kujua vitamfaa nini.

Katika ule ukanda tulikuwa tumeacha nafasi karibu na mlango. Mwashi akatia lipu mbichi. Mkwe wangu akavibonyeza vipande vyake mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, kimoja kimoja, naye hakufanya haraka. Kisha akanigeukia, akasema, "Sasa, baba, sahani iko ukutani, mahali pake."

Basi, mabibi na mabwana, leo mkirudi uani, msitazame kuta kwanza. Mwageni maji ya kata moja sakafuni, mhesabu. Hesabu hiyo itawaambieni mahali pa kuanzia.